Namba Moja ya Picha, Namba Mbili ya Maneno

Katika ukoo wetu hakuna jambo linalofanyika bila kamati. Tumekuwa na kamati za harusi, kamati za msiba, na mwaka juzi tulikuwa na kamati ya kichwa cha mdogo wangu Eustache. Mimi ni Pudentienne, dada yake mkubwa, nina miaka sabini na mmoja. Katika kamati zote hizo kazi yangu imekuwa ni ile ile: kufungua mkutano kwa sala, kisha kuombwa ninyamaze.

Eustache ni fundi wa redio pale Nyakabanda, Kigali, tangu tuliporudi kutoka Bujumbura tulikozaliwa. Mpaka leo nyumbani kwetu tunasali kwa Kinyarwanda na kugombana kwa Kiswahili. Redio ndizo zilizomlisha, lakini kilichompa jina ni mdomo. Kwetu bwana harusi haombi posa mwenyewe, wala baba hamtoi binti kwa kinywa chake. Kila upande unaweka msemaji, wasemaji hao wanakaa wakitazamana mbele ya wageni mia tatu, na wanapigana kwa maneno matamu. Msemaji wa upande wa msichana lazima akatae kwanza. Anasema hawajui hao watu, anauliza ng'ombe wao wanakunywa maji wapi, anadai mashangazi bado hawajaulizwa. Akikubali upesi, ukoo mzima umeaibika. Eustache aliwakatalia watu kwa miaka ishirini na mitano, na sijaona aliyekataliwa naye akaondoka bila kucheka.

Kisha mkono wake wa kulia ukaanza kutetemeka. Daktari alisema ni Parkinson. Nyakabanda ilikuwa na madaktari wake: mmoja alisema ni pombe, naye Eustache hanywi; mwingine alisema amelogwa; jirani yetu wa ukutani alisema ni umeme wa zile redio uliokuwa unamwingia kidogo kidogo. Vidonge vilimsaidia miaka sita, halafu vikaanza kumwacha njiani kabla saa ya kidonge kingine haijafika. Akawa hawezi kulehemu hata waya wa spika. Kwenye posa alikuwa akikalia mkono ule, anasema maneno yake yote huku ameuficha chini ya paja kama mtoto aliyeiba sukari.

Ndipo kamati ikakaa, watu wetu wa Brussels na wa Canada wakachanga, na Eustache akapelekwa India. Huko walimtoboa fuvu, wakamwingizia nyaya mbili nyembamba ndani kabisa ya ubongo, na chini ya ngozi ya kifua wakamwekea betri inayopeleka umeme mdogo kwenye hizo nyaya mchana na usiku. Jirani yetu aliposikia hivyo aliwahurumia sana wale madaktari. Alisema hawakuambiwa kwamba umeme ndio uliomharibu.

Kuna sehemu ya upasuaji ule ambayo mgonjwa hulazwa akiwa macho, ili madaktari waone mkono unavyotulia na wasikie anavyosema. Walimwambia aongee chochote. Mdogo wangu, fuvu likiwa limetobolewa, akawaomba posa ya binti yao kwa Kinyarwanda, posa nzima, na kwa kuwa hakuna aliyemjibu, akawajibia yeye mwenyewe na kujikatalia. Alituhadithia akicheka, nami nilitoka nje nikalia jikoni.

Alirudi mkono umetulia. Alinywa chai mbele yetu bila kumwaga tone, na Cyriaque, binamu yetu ambaye ni mwenyekiti wa kamati zote, alimpiga video akinywa. Video ile ilizunguka ulimwenguni. Brussels waliandika kwamba Mungu ni mkubwa, na Canada wakaomba anywe tena, kwa sababu mara ya kwanza mwanga ulikuwa mbaya.

Kitu kimoja hakikuonekana kwenye video. Umeme ule uliotuliza mkono ulikuwa umeukalia ulimi. Maneno ya Eustache yalitoka mazito, yameshikana, kama uji uliosahauliwa jikoni. Daktari wake wa hapa Kigali alihangaika naye wiki kadhaa akipandisha na kushusha umeme, na mwisho akaiwekea mashine ile namba mbili. Ukibonyeza Namba Moja, mkono unatulia na ulimi unakuwa mzito. Ukibonyeza Namba Mbili, ulimi unafunguka na mkono unatetemeka, si kama zamani, lakini unatetemeka. Zinabonyezwa kwa rimoti iliyo kama simu ndogo, na mwenye kuishika lazima awe karibu, hatua mbili au tatu. Daktari alisema kwa mgonjwa huyu hajapata namba inayompa vyote viwili, na kwamba uamuzi ni wa mwenye kichwa.

Mwenye kichwa aliamua vizuri. Dukani aliweka Moja, akalehemu kimyakimya. Jioni aliweka Mbili, akaja kwangu kuwatukana wanasiasa. Mambo yalikuwa yamekaa sawa mpaka Ariane alipopata mchumba.

Ariane ni mtoto wa ndugu yetu Valens aliyekufa kwa ajali ya barabarani. Eustache alimchukua akiwa na miaka minne, akamlea, akamsomesha. Tangu msichana huyo anafundishwa kusoma, Eustache alikuwa akimwambia: siku yako nitakukatalia mimi mwenyewe, nitawakatalia mpaka waombe maji. Kwa desturi baba mzazi hawezi kuwa msemaji, lakini baba mkubwa anaweza. Alikuwa ameisubiri posa hiyo miaka ishirini na mitatu, na ninaposema ameisubiri, najua ninachosema, maana hata kule India alipoambiwa anaweza kufa mezani, aliuliza swali moja tu: na posa ya Ariane je?

Kamati ikakaa nyumbani kwa Cyriaque, Remera. Nikasali, nikaombwa kunyamaza.

"Donc, tuajiri msemaji," Cyriaque alisema kwa kuchanganya Kifaransa chake. "Siku hizi wako wa kukodi, wanavaa vizuri. Mzee Eustache atakaa mbele, kwa Namba Moja. Watu wa Brussels wanataka kumuona ametulia. Wamechanga, quand même."

"Nitasema mimi," Eustache alisema. Siku hiyo alikuwa kwenye Mbili, na mkono wake uligonga meza alipoyasema hayo.

Waliubishania mkono ule saa mbili nzima, mwenyewe akiwepo. Mmoja alipendekeza glavu. Mwingine alipendekeza asimame nyuma ya maua. Mwisho ukapatikana ule upumbavu ambao kwetu unaitwa muafaka: Eustache atasema, kwa Namba Mbili, lakini wakati wa kuingia, wa vinywaji na wa picha atakuwa Namba Moja. Na ili namba zisichanganyikane, rimoti itakaa kwa Liliane.

Liliane ni mkuu wa protocole. Asiyezijua harusi za Kigali ataniuliza protocole ni nani. Ni wale wasichana na vijana waliovaa suti nyeusi, wanaokuonyesha kiti hata kama umeshakaa. Wao wanashika funguo za ukumbi, maikrofoni, maji ya wazee na saa ya kuanza na kumaliza, kwa sababu ukumbi unakodiwa kwa saa na baada yetu kuna watu wengine. Katika akili za kamati, kitu chochote chenye kitufe ni mali ya protocole. Hakuna hata mmoja aliyeona ajabu, na Eustache, kwa kuogopa posa isimponyoke, alitoa rimoti mfukoni akampa.

"Shangazi, nta kibazo, hakuna shida," Liliane aliniambia aliponiona nimekunja uso. "Mzee iko kwa programu."

Na kweli alikuwa kwenye programu. Waliichapa kwenye karatasi nzuri yenye maua. Saa nne: wageni kuingia, mzee 1. Saa nne na nusu: posa, mzee 2. Saa tano na dakika kumi: vinywaji, mzee 1. Picha, mzee 1. Wageni wengine walidhani ni aina ya soda.

Siku ilifika, Jumamosi, kwenye bustani moja ya kukodi Remera. Mahema mawili yalitazamana. Ariane alifichwa na wenzake kwenye chumba nyuma ya hema letu, kwa sababu binti haonekani mpaka ametolewa. Wakwe walifika mapema, ukoo uliokulia Uganda, wanyoofu kama rula. Bwana harusi Cyusa aliketi katikati yao akiangalia viatu vyake, naye kwa desturi siku hiyo hana mdomo. Msemaji wao, Benon, alikuwa wa kukodi: wiki nzima anafanya kazi benki, Jumamosi anawaombea watu posa. Sina neno naye, alikuwa mtu wa adabu.

Eustache aliketi mbele, Namba Moja, mikono juu ya magoti, ametulia kama picha ya marehemu. Liliane alisimama nyuma yake na faili lake. Cyriaque alisimama karibu na mpiga video, simu mkononi, maana sherehe ilikuwa inarushwa moja kwa moja, akisoma walichoandika wa ng'ambo. Mioyo ilikuwa ikipanda kwenye kioo cha simu. Mkono umetulia kabisa. Kama kijana. Msogezeni karibu.

Saa nne na nusu ikafika. Liliane akamwangalia Cyriaque. Cyriaque akainua kidole kimoja. Nilidhani anamaanisha subiri dakika moja. Alikuwa anamaanisha Namba Moja, na Liliane, ambaye amefundishwa kumtii mwenyekiti, akaiacha hapo hapo.

Eustache akasimama, akashika maikrofoni kwa mkono ulionyooka, akaanza kukataa.

Mimi nilielewa, kwa sababu nimemsikia tangu akinyonya. Alikuwa anasema: nyinyi ni akina nani mliotuingilia asubuhi hivi, na mbona mnanusa maziwa ya watu wengine. Lakini yaliyotoka kwenye spika yalikuwa mngurumo mmoja mrefu. Watu waliinamisha vichwa. Aliliona hilo, akarudia taratibu, na kurudia kukazidi kuharibu. Wasichana wawili wa upande wa wakwe walifunika midomo yao kwa kitambaa.

Benon alingoja kwa heshima. Kisha akafanya wanachofanya wa kukodi wasiposikia kitu. "Mzee wetu, murakoze cyane," alisema. "Tumefika on time, na nyinyi mmetukaribisha vizuri. Tunashukuru."

Hakuna aliyekuwa amemkaribisha. Mdogo wangu alikuwa amemfukuza, naye akashukuru. Watu wakapiga makofi, Cyriaque akaona mambo yameisha salama, na akawapungia waimbaji wa kusifu ng'ombe wa mahari waingie, yaani tumeshakubali. Miaka ishirini na mitatu ya kungoja ilikuwa inamalizwa kwa dakika nne.

Eustache akageuka nyuma. "Mbili," alimwambia Liliane. Neno hilo moja lilisikika. Liliane akamtazama Cyriaque, na Cyriaque akainua tena kidole kile kile.

Nikasimama. Goti langu halipendi kusimama ghafla, lakini hasira ni dawa.

"Mimi ni shangazi wa binti," nilisema, bila maikrofoni. "Sijaulizwa."

Waimbaji wakanyamaza. Kwetu maneno hayo ni kama kuweka jiwe katikati ya barabara. Shangazi asipoulizwa, binti hatoki, hata ng'ombe wawe mia. Kila msemaji huyatumia kwa utani, na wote wanajua shangazi atakubali. Hawajawahi kumsikia shangazi mwenyewe akiyasema, tena amekasirika.

"Na nataka niulizwe na msemaji wetu," niliendelea. "Kwa sauti yake. Liliane, mpe mwenzio ulimi wake."

Liliane alifungua karatasi ya programu akatafuta. Namhurumia mtoto yule sasa, siku ile sikumhurumia. "Shangazi, hii haiko kwa programu," alisema polepole.

Eustache akanyoosha mkono. Haukutetemeka hata kidogo. Ndio mkono ule waliouchangia, uliosifiwa Brussels. Ukaingia ndani ya faili la Liliane, ukachukua rimoti, na kidole chake chenyewe kikabonyeza Mbili. Kisha akangoja, na sisi mia tatu tukangoja naye. Kwanza kidole gumba, kisha kiganja, halafu mkono wote. Maikrofoni ikawa inagonga kifungo cha koti lake, na spika zikapiga kama mtu anabisha hodi. Nikaona aibu, sitaki kusema uongo. Nikaona aibu kwa kuona aibu.

"Sasa," alisema Eustache, na ilikuwa ile sauti. "Nani amewaambia karibuni?"

Mahema yote yalicheka, lao na letu. Aliwakatalia dakika ishirini na tano. Aliuliza kama ng'ombe wao wa Mbarara, Uganda, wana vitambulisho. Alimuuliza Benon kama benki yake inatoa wake kwa mkopo, au leo amekuja kwa akiba yake mwenyewe. Benon alijibu vizuri, jasho linamtoka, na akaomba maji kwa kweli. Na wakati wote huo mkono ulikuwa unatetemeka mbele ya kamera, wala hakuukalia.

Kisha akaacha utani.

"Mnaniona," alisema. "Nimewekewa mashine kichwani, na ni mashine nzuri, namshukuru aliyechanga. Lakini tangu niliporudi, watu wangu wananipenda nikiwa nimetulia. Mtoto mnayemtaka mimi nilimpokea akiwa na kiatu kimoja mguuni, kingine kilibaki barabarani. Sitaki mali yenu. Nataka jambo moja. Ugonjwa wangu hauambukizi, lakini uzee unaambukiza. Siku Ariane atakapotetemeka nyumbani kwenu, nani atashika rimoti?"

Kwenye maneno ya Benon ya kukodi jibu hilo halimo. Pale ndipo Cyusa, ambaye hana mdomo, alipomvuta Benon koti na kumnong'oneza, na Benon akasimama tena, bila Kiingereza safari hii.

"Kijana anasema, atashika mwenyewe Ariane," alisema. "Yeye atashika kikombe."

Eustache alinigeukia. "Dada, unaulizwa."

Nikasema nimekubali. Sikumbuki kama nilisema kwa Kiswahili au kwa Kinyarwanda. Ariane alitolewa, macho mekundu, wanja wote umeshuka mashavuni, na picha zote za siku ile zina mkono mmoja uliochorwa kwa ukungu.

Video ilikuja baada ya wiki tatu. Cyriaque aliileta mwenyewe nyumbani kwa Eustache, Nyakabanda, kwenye flashi, akiwa na furaha ya mtu aliyeokoa kitu. Ariane na Cyusa walikuwepo, nami nilikuwepo. Chai ikamiminwa, televisheni ikawashwa.

Ilikuwa kazi safi, lazima niseme. Eustache ameketi, mikono juu ya magoti, ametulia kabisa, na juu ya picha hiyo ikapita sauti yake ile nzuri ikiwauliza wakwe nani amewaambia karibuni. Walichukua mikono ya saa nne kamili, wakaitilia ulimi wa saa tano. Mdomo ulipohitajika kuonekana, waliweka ng'ombe. Kusimama kwangu hakukuwepo. Rimoti haikuwepo. Lile swali la mwisho nalo halikuwepo; mahali pake palikuwa na ngoma na keki.

"Brussels wamefurahi sana," Cyriaque alisema. "Wanasema operesheni imefaulu mia kwa mia."

Eustache hakujibu, maana alikuwa kwenye Moja. Alichukua kikombe, akanywa chai yake yote mpaka chini, taratibu, bila kumwaga, nasi tukamngoja. Akaweka kikombe mezani. Akatoa rimoti mfukoni, akabonyeza.

"Mzee huyu ni mzuri," alisema, akionyesha televisheni kwa mkono ulioanza kucheza. "Ametulia, na anasema vizuri. Cyriaque, ukionana naye, mshukuru kwa kumtoa Ariane. Naona mimi siku ile sikuwepo."

Hakusema kwa utani.

Ariane aliinuka, akazima televisheni.

"Mimi nilikuwa chumbani, mlango umefungwa," alimwambia Eustache. "Hiyo mikono yenu sikuiona, ya kutulia wala ya kutetemeka. Niliisikia maikrofoni inagonga, nikawaambia wenzangu nyamazeni, baba amefika."